Pikipiki Hii ni ya Nani?

Wewe sasa unajua kusoma. Unasoma barua ya mtoto wako. Unasoma bei dukani. Unasoma jina la mahali kwenye basi kabla hujapanda. Hayo ni mambo makubwa, nami nakupongeza. Lakini nakuuliza swali moja. Je, umewahi kusoma chuma?

Usicheke. Vyuma vingi vina maandishi. Jembe lina maandishi. Cherehani ina maandishi. Baiskeli na mashine ya kusaga navyo vina maandishi. Watu wengi huyapita bila kuyatazama. Mimi pia niliyapita kwa miaka mingi. Kisha siku moja maandishi machache yaliyopigwa kwenye chuma yaliamua shauri kubwa katika ukoo wetu. Nataka nikusimulie habari hiyo, kwa sababu huenda ikakufaa nawe.

1. Pikipiki ya bandani

Kwetu ni Mkuu, katika Wilaya ya Rombo, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kihamba chetu kina migomba na mibuni. Nyuma ya nyumba kuna banda la mbuzi. Ndani ya banda hilo ilikaa pikipiki ndogo ya marehemu baba yangu.

Haikufanana na pikipiki za siku hizi zinazobeba abiria. Ilikuwa ndogo na nyepesi. Katikati ilikuwa chini, hata mwanamke mwenye gauni aliweza kuipanda bila shida. Mbele ilikuwa na ngao pana ya kuzuia tope lisiruke miguuni. Baba aliipanda kwenda kupeleka kahawa, kwenda kanisani, na kwenda kuwaona wagonjwa. Ilipoacha kuwaka aliiweka bandani. Kuku wakaifanya kitanda chao.

Baba alifariki mwaka 2012. Mwaka 2014 paa la jiko la mama lilianza kuvuja. Mvua ikinyesha, moto ulizimika. Mama hakuwa na pesa za mabati. Siku moja akapita mtu anayenunua chuma chakavu. Alibeba mizani yake begani. Aliitazama ile pikipiki, akaipiga teke kidogo, akasema:

"Mama, hii si pikipiki tena. Ni chuma tu. Nitaipima kwa kilo."

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo sana. Hata hivyo mama alitaka kukubali. Paa lilikuwa linavuja.

Habari zilimfikia baba mkubwa, yaani kaka yake baba. Alikuja jioni ile ile na fimbo yake. Hakutaka hata kukaa.

"Shemeji," alimwambia mama, "pikipiki hii huwezi kuiuza. Si ya marehemu mdogo wangu. Ni ya baba yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa naiosha nilipokuwa kijana, miaka michache baada ya Uhuru. Mdogo wangu aliikuta hapa nyumbani, akaitumia. Mali ya mzee ni mali ya ukoo."

Mama alijibu kwa upole. "Shemeji, pikipiki hii aliinunua mume wangu kwa pesa za kahawa. Aliileta nilipokuwa na mimba ya huyu binti." Akaninyooshea kidole mimi. Mimi nimezaliwa mwaka 1977.

"Shemeji, majonzi yamekusahaulisha," alisema baba mkubwa. "Tutakutana kwenye kikao cha ukoo."

Ndugu msomaji, labda unafikiri kwamba huo ni ugomvi mdogo. Pikipiki mbovu ina thamani gani? Lakini fikiri tena. Kama ukoo ungesema kwamba mama alitaka kuuza mali ya babu, mama angeitwa mwizi. Na aliyeitwa mwizi wa pikipiki leo, kesho ataulizwa habari za mibuni. Kesho kutwa ataulizwa habari za kihamba chenyewe. Mama alilijua jambo hilo. Usiku ule hakulala.

Baba mkubwa alikuwa msomi wa ukoo. Alifanya kazi ya ukarani hata akastaafu. Mama hajui kusoma. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la pili kwa sababu ya ugonjwa wa muda mrefu. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, kama wewe. Basi nani angetusikiliza?

2. Majina mengi kwenye chombo kimoja

Asubuhi nilikwenda bandani. Niliwafukuza kuku, nikaitoa pikipiki nje penye mwanga. Nilisema moyoni, "Chombo hiki kina jina. Kama kina jina, nitalisoma."

Kwenye tangi palikuwa na karatasi ya kubandika yenye jina la pikipiki mpya ya siku hizi. Mtoto wa kaka yangu aliibandika kwa mchezo. Niliibandua. Chini yake palikuwa na kutu tu.

Nikatazama taa ya mbele. Kwenye kioo chake nikasoma: STANLEY. Nilifurahi sana. Nikamwita kaka yangu. Naye akasema, "Basi tumekwisha. Hilo ni jina la Kizungu. Babu aliinunua kwa Mwingereza zamani za ukoloni."

Nikaendelea. Kwenye kabureta, ile sehemu inayochanganya petroli na hewa, nikasoma: KEIHIN. Kwenye plagi nikasoma: NGK. Kwenye tairi palikuwa na jina jingine tena. Sasa nilikuwa na majina manne. Pikipiki moja, majina manne! Nikachoka.

Hapo Mkuu kuna fundi mzee wa pikipiki. Amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimwendea, nikamweleza yote. Alicheka, lakini hakunicheka mimi.

"Mwanangu," alisema, "shati lako lina vifungo. Tuseme kila kifungo kina jina la kiwanda kilichokitengeneza. Je, shati lako limeshonwa na kiwanda cha vifungo?"

"Hapana," nilijibu.

"Basi Stanley ni kifungo. Hiyo ni kampuni ya Japani inayotengeneza taa. Keihin nayo ni ya Japani, inatengeneza kabureta. NGK inatengeneza plagi. Kampuni hizo huuza vifaa vyao kwa viwanda vingi vya pikipiki. Ukisoma jina la kifaa, umejua kifaa. Bado hujajua pikipiki."

Kisha akanieleza habari ya tairi. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne za tarehe. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2415, maana yake ni juma la 24 la mwaka 2015. "Lakini huo ni umri wa tairi," alisema. "Mzee wa miaka themanini anaweza kuvaa viatu vipya. Je, viatu vitakuambia umri wake?"

Niliona kwamba nilikuwa nasoma viatu na vifungo. Mwenye nguo nilikuwa bado sijamwona.

3. Namba mbili

Jumamosi yake fundi alikuja nyumbani. Alileta brashi ya waya, kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. Alinipa mimi vyote.

"Safisha wewe," alisema. "Shauri ni lenu. Usije ukasema kwamba fundi ndiye aliyesoma."

Nilisafisha injini upande wa kushoto, chini. Palikuwa na tope gumu la miaka mingi. Nilisugua polepole kwa mafuta ya taa. Fundi aliniambia nisitumie tindo wala msasa, kwa sababu naweza kuharibu kile ninachokitafuta. Baada ya muda likatokea bapa dogo la chuma. Juu yake palikuwa na herufi na tarakimu zilizopigwa kwa nguvu kiwandani.

"Soma," alisema fundi.

Nikasoma: "C, saba, sifuri, E." Halafu palikuwa na kistari. Baada ya kistari palifuata tarakimu nyingi.

"Sasa safisha mwili wake." Alinionyesha mahali kwenye mwili wa chuma, upande wa kushoto, karibu na pale injini inaposhikwa na bolti. Mwili huo mafundi huuita chasisi. Nikasugua tena. Nikasoma: "C, saba, sifuri." Kisha kistari, na tarakimu nyingine.

Fundi alinieleza maana yake. Namba ya namna hii ina sehemu mbili. Herufi na tarakimu zilizo kabla ya kistari ni jina la aina. Tarakimu zilizo baada ya kistari ni namba ya chombo hicho kimoja tu, ili kisichanganywe na ndugu zake. Hii ilikuwa Honda ya aina ya C70. Ile herufi E huonyesha kwamba namba hiyo ni ya injini.

"Kwa nini tumesoma zote mbili?" niliuliza.

"Kwa sababu injini huhamishwa," alijibu. "Nimeona pikipiki nyingi zenye mwili wa mama mmoja na moyo wa mama mwingine. Ukisoma injini peke yake, unaweza kudanganyika. Hapa injini inasema C70, na mwili unasema C70. Mashahidi wawili wanakubaliana."

Kisha akanifundisha jambo ambalo hata wewe unaweza kulifanya. Weka karatasi nyembamba juu ya namba. Ishike isiteleze. Sugua juu yake taratibu kwa ubavu wa penseli. Namba itatokea kwenye karatasi kama ilivyo kwenye chuma. Nilifanya hivyo mara mbili. Nikawa na karatasi mbili, moja ya injini na moja ya chasisi. Huwezi kubeba pikipiki mpaka kwenye kikao na kuipindua mbele ya wazee. Karatasi unaweza.

4. Umri wake

Jina tulikuwa nalo. Sasa tulitaka umri. Baba mkubwa alisema miaka michache baada ya Uhuru. Mama alisema mwaka 1977. Kadi ya pikipiki, ambayo ingetuambia mara moja, ililiwa na mchwa zamani.

Fundi alikuwa na kitabu cha vipuri, kimechakaa na kina madoa ya oili. Alinisimulia habari za kiwanda hicho huku akifungua kurasa.

Mjapani mmoja, Soichiro Honda, alianzisha kampuni yake mwaka 1948. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilitoa pikipiki ndogo ya watu wa kawaida. Iliitwa Super Cub, na aina yake ya kwanza ni C100. Injini yake ilikuwa ndogo, sentimita za ujazo 49 tu. Haikuwa na mkono wa klachi kwenye usukani. Klachi ilijishika na kujiachia yenyewe, na gia zilibadilishwa kwa mguu. Kwa hiyo hata mtu anayepeleka chakula kwa wateja aliweza kuendesha kwa mkono mmoja na kubeba sinia kwa mkono wa pili. Watu waliipenda mno. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilizotengenezwa zilitimia milioni 100.

Nimeandika "ukoo" kwa makusudi. Zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Zote ziko chini katikati, zote zina ngao ya miguu. Ukiziona kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Lakini hazikuzaliwa siku moja. C100 ilizaliwa mwaka 1958. C50 yenye injini mpya ilikuja mwaka 1966. Na C70, yenye injini ya sentimita za ujazo 72, ilikuja mwaka 1969.

Fundi alifunga kitabu. "Shika neno hili moja," alisema. "Chombo hakiwezi kuwa kizee kuliko aina yake. Kama aina ya C70 ilianza mwaka 1969, hakuna mtu duniani aliyekuwa na C70 ndogo ya namna hii mwaka 1965. Hata awe tajiri. Hata awe babu yako."

Tulipata mpaka wa chini. Pikipiki haikununuliwa kabla ya mwaka 1969. Je, mpaka wa juu?

Fundi alifungua taa ya mbele, akatoa balbu. Kwenye kitako chake nilisoma: 6V. Maana yake ni volti sita. Alinieleza kwamba C70 za kwanza zilitumia umeme wa volti 6. Katika miaka ya 1980 kiwanda kilihamia kwenye volti 12.

Mimi sasa nilikuwa nimeanza kuwa mwerevu. Nikamwuliza, "Fundi, si ulisema kifaa kinabadilishwa? Labda mtu ameweka balbu nyingine."

Alifurahi. "Swali zuri! Lakini ukiweka balbu ya volti 6 kwenye pikipiki ya volti 12, itaungua mara moja. Na tazama, hata koili na honi zimeandikwa 6V. Kifaa kimoja kinaweza kudanganya. Vifaa vitatu vikisema neno moja, tunaanza kuamini."

Kwa hiyo pikipiki ile ilitengenezwa kati ya mwaka 1969 na miaka ya 1980. Chuma hakikutuambia mwaka 1977. Nataka uelewe hivyo, kwa maana si vizuri kukisemea chuma maneno ambayo hakikusema. Lakini mwaka wa mama ulikuwa ndani ya mipaka. Na kulikuwa na sababu nyingine ya kumwamini. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni mingi sana nchini Brazili. Kahawa ikawa adimu, na bei yake duniani ikapanda mno mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa kahawa angewezaje kununua pikipiki? Katika miaka kama hiyo, angeweza.

Ilibaki kujua jambo moja. Babu alifariki lini? Nilikwenda kwenye migomba, mahali alipozikwa. Msalaba wake ni wa saruji. Fundi mwashi aliandika mwaka kwa kijiti kabla saruji haijakauka. Nilipita hapo tangu utoto wangu, nikichuma majani ya mbuzi. Sikuwahi kuusoma. Nikainama, nikaondoa ukoga kwa kidole. Nikasoma: 1966.

5. Kikao

Kikao kilifanyika Jumapili, chini ya mparachichi. Wazee wa ukoo walikuja, na mwenyekiti wa kitongoji naye alikuja. Mbege ililetwa. Sisi wanawake tulikaa upande wetu, pembeni.

Baba mkubwa alisema maneno yake vizuri, kama karani. Aliieleza rangi ya pikipiki ya babu. Aliieleza ngao yake. Aliieleza sauti yake. Wazee wawili walitikisa kichwa na kusema, "Ni kweli, sisi pia tuliiona." Nilimwona mama akiinama.

Mwenyekiti aliuliza kama upande wa mama una la kusema. Nilisimama. Magoti yalitetemeka. Nilisema:

"Baba mkubwa, wazee wangu, shikamooni. Naomba kusoma."

Nilisoma karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Nilieleza maana ya C70. Nilieleza mwaka 1969. Kisha nikasema, "Babu yetu amelala pale. Saruji yake imeandikwa 1966. Naomba wazee waende wakasome wenyewe."

Karatasi zile zilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja asiyejua kusoma alipapasa alama za penseli kwa kidole gumba. Mwenyekiti aliinuka, akaenda bandani, akalinganisha karatasi na chuma. Baba mkubwa alivaa miwani yake, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

"Binti yangu, namba zako sizikatai. Lakini mimi si mwongo. Niliiosha pikipiki ile kwa mikono hii."

Hapo shangazi yetu, dada yao mkubwa, alizungumza kutoka upande wa wanawake. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza kitu.

"Huyu hasemi uongo," alisema. "Baba alikuwa na pikipiki ya namna hii, ya rangi hii. Lakini aliiuza. Aliiuza kwa ajili ya ada yako, ndugu yangu, ulipokwenda shule ya bweni. Ulikuwa huko shuleni ilipochukuliwa. Baba alikataza usiambiwe, ili usome kwa amani. Huyu mdogo wako alilia sana siku ile. Alisema akiwa mkubwa atanunua nyingine kama hiyo, na akainunua."

Watu wote walinyamaza. Kuku tu ndio waliosikika.

Ndugu msomaji, sasa unaona. Kama babu alikuwa na Honda ya sura hiyo kabla ya mwaka 1966, basi bila shaka ilikuwa ndugu mkubwa wa hii, si hii yenyewe. Baba mkubwa aliondoka nyumbani akiwa kijana, akiacha pikipiki. Akarudi miaka mingi baadaye, akakuta pikipiki. Macho yake yakasema ni ile ile. Macho huona sura. Hayawezi kuona miaka iliyopita katikati.

Kikao kiliamua kwamba pikipiki ni mali ya mama. Siku ya tatu baba mkubwa alikuja nyumbani asubuhi. Mkononi alishika jani la sale. Kama wewe si Mchaga, nitakueleza: kwetu mtu akija na jani la sale, anaomba radhi, nawe huwezi kumkatalia. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Kisha baba mkubwa aliomba aonyeshwe namba. Nilimpeleka bandani. Alichuchumaa kwa shida, akaisoma yote mpaka mwisho, kwa sauti, kama mtoto wa shule.

Mama hakumwuzia yule mtu wa mizani. Fundi aliinunua, naye alitoa bei ya pikipiki, si bei ya kilo za chuma. Jiko la mama likapata mabati kumi na mawili. Mimi nilibaki na zile karatasi mbili. Nimezitia ndani ya daftari langu la kwanza la kisomo.

6. Nawe pia fanya hivi

Pengine huna pikipiki ya zamani bandani. Lakini pengine kesho utanunua pikipiki iliyokwisha kutumika, kwa ajili yako au mwanao. Basi kumbuka mambo haya.

Kwanza, usiamini karatasi ya kubandika wala rangi. Vyote viwili hununuliwa dukani.

Pili, majina ya taa, kabureta, plagi na tairi ni majina ya vifaa. Yasome, lakini usiseme ndilo jina la pikipiki.

Tatu, tafuta namba ya injini na namba ya chasisi. Zisafishe kwa mafuta ya taa. Zisome mwenyewe, tarakimu moja moja.

Nne, linganisha namba zote mbili na kadi ya pikipiki. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usitoe pesa mpaka upate maelezo. Ukiona namba imesuguliwa kwa tupa au imepigwa upya, iache kabisa. Huenda ni mali ya wizi, nawe ndiwe utakayekamatwa nayo.

Tano, unapokwenda kununua kipuri, chukua namba ya aina kwenye karatasi. Pistoni ya C70 haiingii kwenye C50. Siku hizi viwanda vingi vya China na India vinatengeneza pikipiki, na nyingine zina injini zilizoigwa kutoka Honda hizo hizo za zamani. Sura zinafanana, lakini vipuri vinaweza kutofautiana. Ukisema tu "nipe pistoni ya pikipiki ndogo", unaweza kurudi nyumbani na chuma kisichokufaa.

Sita, ukitaka kujua umri, tafuta mipaka miwili. Aina hii ilianza lini? Na vifaa vyake vya asili viliacha kutumika lini? Umri uko katikati. Kisha waulize wazee. Na unapowauliza wazee, usisahau kuwauliza wanawake waliokaa pembeni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini jina la STANLEY halikuwa jina la pikipiki?
2. Kwa nini fundi alitaka zisomwe namba mbili, si moja?
3. Baba mkubwa alikosea, lakini hakusema uongo. Elezeni tofauti yake.
4. Taja chombo kimoja cha chuma nyumbani kwako. Nenda ukakisome. Andika ulichokisoma, ukilete darasani.